Posa ya Serikali

Alida alikuwa na kila kitu ambacho mfuko wa masomo ulikitaka, isipokuwa ukoo. Shahada ya utawala alikuwa nayo, ameipata Bujumbura alikozaliwa na wazazi wakimbizi. Kazi ya serikali alikuwa nayo tangu Agosti, katika wizara ambayo madirisha yake yalizibwa kwa nailoni na watumishi wake wakipokezana viti. Barua ya mkuu wake, Bwana Gasana, alikuwa nayo pia. Gasana alikulia Kampala na aliandika Kiingereza kama mtu anayehutubia mkutano. Alimsifu Alida mpaka mwenyewe akaona haya kuisoma barua mara ya pili. Kilichobaki ni mtu mzima wa familia, wa kusema mbele ya mjumbe wa mfuko kwamba ndiyo, huyu ni wetu, tunamruhusu aende, na tunawahakikishia kuwa atarudi.

Sharti hilo halikuwekwa kwa uchokozi. Mfuko ulikuwa ukisomesha vijana wa nchi kadhaa shahada ya pili huko Ubelgiji, kwa ahadi kwamba wakimaliza watarudi kufanya kazi ya umma miaka mitano. Wengi waliahidi vizuri sana, wakapanda ndege, na walipofika kule wakageuka Wabelgiji. Ndipo wakubwa wa mfuko wakaamua kuwa sahihi ya kijana peke yake haina uzito. Mjumbe aende nyumbani kwa mwombaji, aketi, amsikie mzee wa nyumba kwa masikio yake mwenyewe. Ni utaratibu mzuri, tena wa heshima, mahali ambapo wazee bado wapo. Aliyeutunga hakuwa ameiona Kigali ya mwisho wa mwaka 1994, ambapo mtu ukimuuliza habari za nyumbani unamuuliza polepole, na mara nyingi huulizi kabisa.

Wazazi wa Alida walikuwa wamekwisha kufa Burundi. Katika ukoo mzima wa baba yake, nchini alibaki mtu mmoja, Mzee Nsengiyumva, mdogo wa huyo baba marehemu, aliyekuwa akiishi Gahanga, kule mji unapokwisha na mashamba ya kuelekea Bugesera kuanza. Baba yake Alida alipokimbia mwaka wa hamsini na tisa, mdogo huyo alibaki. Alikuja kuwa dereva wa malori ya kahawa, akaenda Dar es Salaam na kurudi mpaka akakijua Kiswahili cha barabarani kuliko cha vitabuni. Akaoa, akazaa, akajenga. Mwezi wa Aprili waliuawa mke na watoto wake wote. Yeye alijificha kwenye mafunjo ya bondeni, akatoka akiwa hai, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza kama bahati.

Alida alimkuta Agosti, akiwa anamjua kwa picha moja tu. Walisalimiana kama watu wanaotambulishwa kanisani. Tangu hapo siku za kazi Alida alilala mjini, Kimisagara, katika chumba alichoshirikiana na mwenzake wa wizarani, na Jumamosi alikwenda Gahanga kupika, kufua na kuketi na mzee. Alimwita Mzee, kama walivyomwita majirani. Jina jingine halikumjia mdomoni, na yeye mzee hakulidai.

Sasa, tuseme ukweli kuhusu huyu Alida, maana ukimsoma kwenye insha yake ya maombi utadhani ni malaika wa taifa. Ukurasa mzima alikuwa ameeleza jinsi nchi inavyohitaji watumishi waaminifu, na yote aliyoandika aliyaamini. Lakini alikuwa na kaka, Jean-Luc, mjini Liège, na Jean-Luc alikuwa amempigia simu wizarani na kumwambia kwa kifupi: wewe njoo, mengine tutayaona ukishafika. Alida hakumjibu kwamba atabaki huko, wala hakumjibu kwamba hatabaki. Aliuacha mlango huo umeegeshwa, na usiku mwingine wa mvua, nailoni ya dirisha la jirani ikipigapiga, aliutazama kwa hamu. Nani angemlaumu? Kigali ilikuwa na makaburi mengi kuliko ajira, na yeye hakuzaliwa hapo.

Alipomweleza mzee habari za mjumbe, alimweleza taratibu, kwa Kinyarwanda, bila kuficha sharti lolote. Mzee aliuliza mjumbe ni nani. Akaambiwa ni Mtanzania, anaitwa Arthur. Aliuliza atakuja na nani, akaambiwa na dereva wake. Peke yake hivyo? Peke yake hivyo. Alida akamsihi kwamba hakuna haja ya maneno mengi, akiulizwa kama anakubali aseme anakubali, basi. Mzee akasema amesikia. Hakusema atafanya hivyo, ila Alida alikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi mjini, hakuipima tofauti.

Kosa lake lilikuwa hapo. Kabla ya Aprili, Mzee Nsengiyumva alikuwa ndiye msemaji wa arusi wa Gahanga yote. Watu wa huko, kama walivyo Wanyarwanda popote, hawatoi binti kwa neno moja. Siku ya kuja kuomba, wageni huketi upande huu na wenyeji upande ule, wakitazamana, na kila upande una msemaji wake. Mgeni akisema ametumwa kuomba binti fulani, msemaji wa wenyeji hukana. Binti gani? Hapa hayupo. Au yupo lakini ameshaposwa. Au hafai, mvivu, mtampeleka wapi. Mgeni naye hubembeleza, hutania, husifu, huomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, mpaka jua linateremka na pombe inateremka nalo. Kila mtu anajua mwisho wake, na ndiyo maana kila mtu anafurahi. Kumtoa binti bila kukana ni kama kusema hana thamani nyumbani. Katika kazi hiyo ya kukana, Nsengiyumva hakuwa na mpinzani. Alishawatoa jasho mabwana arusi wengi, wengine mpaka wakavua makoti yao.

Tangu Aprili hakuna aliyemwita kusema. Hapakuwa na arusi.

Jumamosi Alida alifika Gahanga asubuhi akakuta uani viti vimepangwa safu mbili, vinatazamana. Vingi vilikuwa vya kuazima. Mzee alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti lililomzidi mabega, na mkononi ana fimbo. Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa kivulini. Upande wa wenyeji walikuwa wameketi wazee wawili wa mtaa na Kaliza, mjane wa nyumba ya pili, aliyefunga kitambaa cha sherehe. Alida aliona viti vile akaelewa mara moja, kwa sababu hata wakimbizi wa Bujumbura hawakuiacha mila hiyo. Alimvuta mzee pembeni akamwambia kwamba huyu mgeni si mkwe, ni mtu wa ofisi, hajui chochote kuhusu mambo haya.

Mzee alimtazama bila hasira. Alisema anajua mfuko wa masomo ni nini, hakuzaliwa jana. Lakini mtu anakuja kutoa binti nyumbani kwake ampeleke ng'ambo, na atamkuta nyumbani kuna watu, wala hatamchukua kama anayeokota kuku njiani. Kisha akamwambia aingie ndani, kwani binti haombwi akiwa amesimama uani. Gari jeupe lilikuwa tayari linapanda kilima. Alida aliingia ndani akasimama nyuma ya pazia, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Bwana Arthur alikuwa mtu wa miwani, mpole, mwenye jalada kubwa chini ya kwapa. Alisalimia shikamoo kwa kila mzee, akaonyeshwa kiti katikati ya safu tupu ya wageni, na dereva wake akaketi mwishoni kabisa kama mtu asiyetaka kuulizwa chochote. Arthur alifungua jalada. Mzee Nsengiyumva akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko Alida alivyowahi kuisikia.

"Karibuni. Sasa mutuambie, nyinyi ni nani, munatoka wapi, na munatafuta nini hapa kwangu?"

Arthur alieleza kuwa anatoka mfuko wa masomo na amekuja kwa ajili ya Alida Nduwayo, mtoto wa marehemu kaka yake mzee.

"Alida?" Mzee aliwageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko. "Hapa hakuna Alida. Labda mumepotea njia. Nyumba za watu wenye mabinti wazuri iko kule mjini, kwa matajiri."

Arthur alitazama jalada lake, akatazama nyumba, akauliza kwa adabu kama hapa ndipo kwa Mzee Nsengiyumva. Akajibiwa kwamba ndipo, ila huyo Alida, kama ndiye yule wanayemfikiria, ameshatolewa kwa watu wengine, watu wakubwa, waliokuja na maneno mazuri kuliko haya. Arthur akauliza kama ni ufadhili mwingine wa masomo. Mzee akasema ni mkubwa kupita huo. Kalamu ikaandika. Kwa masharti ya mfuko, mwombaji mwenye ufadhili mwingine huondolewa, na Alida nyuma ya pazia alilijua sharti hilo kwa namba yake.

Mzee alingoja abembelezwe. Hakubembelezwa. Akadhani mgeni ni mwerevu, anamsubiri aishiwe maneno, na jambo hilo likampendeza. Akaongeza kasi. Alisema binti mwenyewe ni mvivu, jua linatoka yeye bado amelala. Alisema hajui kupika, maharage yake mbwa hayali. Kaliza aliitikia kwamba ni kweli tupu, mbwa wake alishindwa. Wazee wakacheka. Arthur peke yake hakucheka. Aliuliza kama uvivu huo umewahi kumletea matatizo kazini, kisha akaandika tena, safari hii mistari kadhaa.

Halafu akafunga jalada. Hakukasirika, watu wa namna yake hawakasiriki, na hilo ndilo baya lao. Alisema anamshukuru mzee kwa kusema wazi, kwamba ni heri kusikia mapema, na kwamba ataandika kuwa familia haikubali. Nafasi ni moja, na ana mwombaji mwingine wa kumtembelea siku hiyo hiyo. Akasimama. Uso wa mzee ukaporomoka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mposaji anayekanwa kidogo tu akaondoka. Ni tusi kwa nyumba nzima, na mzee mmoja alikuwa tayari ameanza kulisema hilo kwa sauti.

Alida alifungua pazia akatoka. Wakati huo alikuwa na mambo mawili tu kichwani: kwamba safari inaondoka na gari lile jeupe, na kwamba akianza kumfafanulia Arthur mila mbele ya watu, mzee ataaibika uani kwake mwenyewe. Hakwenda upande wa wenyeji. Alivuka nafasi iliyokuwa katikati, akachukua kiti kando ya Arthur, akamwambia kwa chini, "Tafadhali, kaa kidogo," kisha akainua uso kuwaelekea wazee. Kaliza aliguna. Haijapata kuonekana binti akiketi na wanaomwomba.

"Wazee, mutusamehe," Alida alisema, kwa Kiswahili cha Bujumbura, ili mgeni naye asikie. "Huyu mugeni alitangulia. Mimi musemaji wake nilichelewa njiani."

Mzee Nsengiyumva alimtazama pale alipoketi, kando ya mgeni. Angeweza kumfukuza. Halafu kitu fulani kikamrudi usoni, akakamata fimbo vizuri.

"Nani amekutuma?"

"Serikali."

"Ni mutoto wa nani, huyo?"

"Hana baba wala mama. Ni kijana mudogo, ameanza kujenga juzi. Nyumba yake haina madirisha, na viti vya kukalia anaazima."

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Nsengiyumva aliuliza kama kijana huyo ana ng'ombe. Alida akasema hana hata mmoja, zizi alilikuta tupu. Aliuliza kama basi ana tabia nzuri. Alida akasema bado ni mapema kujua, lakini anaamka asubuhi. Aliulizwa mtu fukara kama huyo anamtakia nini binti wa watu. Akasema anataka amsaidie kujenga, ila kwanza ampeleke shule, maana mafundi waliokuwapo wamekufa au wamekimbia. Maneno yalimtoka yenyewe. Alikuwa anaomba safari yake, lakini pia, ajabu kwake mwenyewe, alikuwa anaona raha, na alimwona mzee anaona raha. Miezi yote ile hawakuwahi kuzungumza urefu huo. Arthur alikuwa ameketi tena. Kalamu aliiweka mfukoni.

"Tumesikia," mzee alisema. Alikuwa amefika mahali anapopapenda kuliko pote, na alipafikia kwa madaha, kifua mbele. "Lakini hii nyumba iko na mabinti wengi. Tutawaita watoke wote, na nyinyi mutatuonyesha ni yupi."

Ndivyo husemwa. Baada ya hapo mabinti wa nyumba hutoka mmoja mmoja, dada na binamu, wamejifunika na kucheka, na wageni husema siyo huyu, siyo huyu, mpaka atoke mwenyewe. Kwa miaka thelathini Nsengiyumva alikuwa amesema hivyo kwenye nyumba za watu, na kila mara aligeuza shingo kuelekea mlangoni. Aligeuza shingo. Pazia halikutikisika. Alikuwa na mabinti wanne, na mkubwa wao, Gwiza, alikuwa aombwe mwezi wa Mei.

Alibaki ametazama mlango. Kaliza alishika kitambaa chake akajifunika uso. Alida hakunyanyuka kumfuata. Aliona aibu kuwa ni yeye tu aliyekuwa wa kutoka pale mlangoni, na alikuwa ameketi upande mwingine.

Arthur hakuijua mila ile, lakini ukurasa wa familia katika jalada alikuwa ameusoma, na macho alikuwa nayo. Aliliweka jalada chini kwenye vumbi. Akasimama, akavua miwani.

"Mzee," alisema, "mimi sijui maneno yanayofaa. Tunaomba tu. Tunaomba binti yako."

Mzee aligeuka, akaketi, akaweka fimbo magotini. Sauti ile kubwa haikuwepo tena.

"Mumeomba," alisema. "Sasa uliza maswali yako. Nitajibu bila muchezo."

Arthur aliokota jalada akauliza, na mzee akajibu kama alivyoulizwa. Hakuna ufadhili mwingine. Binti si mvivu, anaamka kabla ya jogoo, na maharage yake yanalika. Anaruhusiwa kwenda. Miaka mitano ya kazi ya umma mzee anaijua na ameikubali. Lilibaki swali la mwisho, ambalo mfuko uliliweka baada ya kuumwa na wale waliogeuka Wabelgiji. Lilitaka kujua mwombaji anaacha nyuma kitu gani kitakachomfanya arudi, na chini yake palichapishwa mifano: shamba, mifugo, mume au mke, watoto, wazazi. Arthur alilisoma kwa sauti ndogo, akionekana kutamani liishie njiani.

Mzee alifikiri. Alisema shamba lipo, lakini si lake Alida, tena shamba halimwiti mtu. Mifugo haipo. Mume hana. Wazazi wamekufa. Alipita kwenye mifano yote hivyo, bila haraka, kama mtu anayekagua lori kabla ya safari.

"Andika kwamba iko na mimi," alisema.

Arthur aliuliza kama kuna kitu kingine cha kuongeza.

"Hakuna kingine. Andika hicho."

Alida alisikia maneno hayo yakiandikwa. Ukurasa wake kuhusu nchi na watumishi waaminifu haukuwahi kumwuma kama haya yalivyomwuma. Ahadi kwa serikali angeweza kuivunja na kulala usingizi. Serikali ina watu wengi wa kuidanganya, na imezoea. Sasa alijaribu kujiona Liège, katika chumba cha juu, mwaka wa tatu, na picha haikukaa. Alikasirika kidogo. Hakuna aliyemlazimisha kutoka nyuma ya pazia.

Arthur alimgeukia. Kwa utaratibu mwombaji naye lazima aahidi mbele ya mdhamini, alisema, kwa hiyo Bi Alida, je, ukimaliza utarudi?

"Huyo ni musemaji wenu," mzee alimkatiza. "Binti yangu hujamuuliza bado."

Alida aliinuka. Alivuka uani, akaenda upande wa wenyeji, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na mzee. Kutoka hapo safu ya wageni ilionekana mbali, Arthur na kalamu yake katikati ya viti vitupu.

"Nitarudi, Baba," alisema.

Hakumwambia Arthur. Arthur aliliandika hata hivyo.